Mdahalo wa maji, wanyamapori na ardhi: jinsi ya kuuandaa watu wabaki mpaka mwisho

Kila Machi ikikaribia simu yangu haitulii. Tarehe 3 ni Siku ya Wanyamapori, tarehe 16 inaanza Wiki ya Maji ambayo kilele chake ni tarehe 22, na katikati hapo klabu za mazingira, vikundi vya vijana, walimu na jumuiya za watumia maji wananiuliza yale yale. Kibali naomba wapi? Nimwite nani azungumze? Posho je? Na lile linalowauma zaidi: mbona watu waliondoka kabla hatujafika kwenye maswali? Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp za dakika saba saba, kwa hiyo yote nayaweka hapa.

Mfano nitakaotembea nao ni bonde la Usangu na Mto Ruaha Mkuu, kwa sababu huko ndiko nilikoharibu mikutano mingi kabla sijajifunza. Kwa asiyepajua: mito kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera inashuka kutoka nyanda za juu, inafika tambarare ya Usangu yenye majaruba ya mpunga na makundi ya ng'ombe, inamwaga maji kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha mto mmoja unatokea Ng'iriama na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mbele yake kuna bwawa la Mtera na, chini zaidi, mitambo ya umeme ya Kidatu. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na viboko wanabaki wamerundikana kwenye madimbwi. Kwa hiyo mkulima, mfugaji, kiboko na balbu ya mtu wa Dar es Salaam wote wako kwenye mfereji mmoja. Ukiwa Kilombero, Simanjiro au kandokando ya Tsavo, badilisha majina tu, kazi ni hii hii.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Wiki sita. Nne zinawezekana ukiwa mwenyeji. Mbili ni kujidanganya.
- Watu watatu wasiozungumza: mwongoza mjadala, mwandishi wa kumbukumbu na mtunza muda mwenye kengele. Usiwe wote watatu peke yako.
- Kivuli cha kutosha, mabenchi, choo kinachofungika na maji ya kunywa. Mkutano wa maji usio na maji ya kunywa nimeuona kwa macho yangu, na watu waliucheka mwezi mzima.
- Spika mbili, maikrofoni mbili, jenereta, petroli ya akiba na waya mrefu.
- Karatasi kubwa za bango, kalamu nene, debe la majivu, gunia la pumba za mpunga. Majivu na pumba nitavieleza, usiviruke.
- Fedha ya petroli, soda, nauli za wanaotoka mbali, na nakala za muhtasari.

Projekta haimo kwenye orodha, na sikuisahau. Saa nane mchana chini ya mwembe haionyeshi kitu.

Hatua ya 1: Andika swali, usiandike mada

"Umuhimu wa kutunza mazingira kwa maendeleo endelevu" ni kichwa cha kulaza watu. Hakuna atakayekuja kupinga, na pasipo wa kupinga hakuna mdahalo. Andika swali ambalo mtu akilisikia kwenye kipaza sauti cha mtaani atageuza shingo:

"Kwa nini banio letu linafungwa Septemba na la juu liko wazi?" (Banio ni kizuizi chenye mlango, kinachoingiza maji ya mto kwenye mfereji wa mashamba.)

"Tembo akiingia shambani saa saba usiku, anaitwa nani na anafika saa ngapi?"

"Mpaka wa hifadhi unapita wapi kwenye kijiji hiki?"

Kipimo changu ni hiki: nusu ya jibu iwe kwa watu wanaoishi pale, nusu nyingine iwe ofisini kwa mtu fulani. Kama jibu lote liko ofisini, wewe unaandaa darasa. Kama lote liko kijijini, huna haja ya kumwita afisa.

Kosa la wanaoanza ni kutaka vyote vitatu, maji, wanyamapori na ardhi, vipewe muda sawa ili pasiwe na atakayenuna. Fungua mlango mmoja tu. Ukiuliza habari ya banio, ndani ya nusu saa mfugaji atauliza ng'ombe wake wanywe wapi, na mtu wa kijiji cha mpakani atauliza habari ya tembo. Vitaingia vyenyewe.

Tena, kifupi ndicho kinachodumu. Septemba 1961 kulikuwa na mkutano mkubwa wa uhifadhi mjini Arusha, na Mwalimu Nyerere akatoa pale tamko fupi sana kwamba wanyamapori na mapori yao ni dhamana tuliyopewa kwa ajili ya watoto wetu. Tamko hilo linanukuliwa mpaka leo, ilhali hotuba ndefu za mkutano ule nani anazikumbuka? (Usilichanganye na Azimio la Arusha, lile ni la 1967. Nimemsikia mgeni rasmi akilichanganya mbele ya walimu wawili wa historia, na mmoja wao hakuvumilia.)

Hatua ya 2: Chagua siku kwa kalenda ya shamba

Siku za kimataifa zinafaa kuombea fedha, basi. Siku ya Ardhioevu ni 2 Februari, lakini Februari Usangu watu wako kwenye majaruba wakipandikiza mpunga. Tarehe 22 Machi mto umejaa, na nani atagombania maji wakati yanapita mlangoni? Ukingoja Oktoba maji yamekatika na hasira ziko juu. Hapo nenda ukiwa umeshaandaa mikutano kadhaa, usiende ukiwa mgeni wa kazi.

Mimi napendelea Juni au Julai. Mavuno yanaelekea kwisha, watu wana nafasi na kidogo mfukoni, na shida ya kiangazi haijawa vita. Ukihitaji siku ya kuandika kwenye barua, kuna Siku ya Mazingira tarehe 5 Juni na ile ya kupambana na jangwa na ukame tarehe 17 Juni.

Kisha uliza siku ya mnada wa ng'ombe. Ukigongana na mnada hutampata mfugaji hata mmoja, halafu utaandika kwenye ripoti kwamba wafugaji "hawakuonyesha ushirikiano". Epuka Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi. Ukitokea msiba kijijini, ahirisha bila kujadiliana na nafsi yako.

Saa: nane mchana hadi kumi na moja. Watu wameshakula kwao, kwa hiyo hupiki, na akina mama wanarudi nyumbani kabla ya giza.

Hatua ya 3: Barua na vibali

Njia rahisi, na wengi hawaijui: usiitishe mkutano wako. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kisheria kufanyika angalau kila miezi mitatu. Nenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, omba swali lako liwe ajenda na upewe saa mbili. Watu wanakuja kwa sababu ni mkutano wao, na kinachokubaliwa kinaingia kwenye kumbukumbu za kijiji.

Ukitaka mkutano wako wa hadhara, Tanzania unatoa taarifa ya maandishi polisi si chini ya saa 48 kabla. Wewe peleka wiki moja kabla. Andika mahali, saa ya kuanza na kumaliza, kusudi, idadi unayoitarajia na namba ya simu inayopatikana. Nenda na nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na siku ya mkutano uwe nayo mfukoni. Wasomaji wa Kenya: kwenu taarifa ni kati ya siku 3 na 14 kabla, na usimruke chifu hata kama sheria haimtaji.

Barua ya kumwomba mtaalamu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Watu wanaandika "tunaomba mwakilishi", wanaletewa kijana wa mafunzo ambaye hajawahi kufika bondeni. Andika cheo na andika swali. Kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, pale Iringa: "Tunaomba afisa anayeshughulikia vibali vya kutumia maji, aje na orodha ya vibali vya mto huu na kiasi kilichoruhusiwa kwa kila banio." Kwa hifadhi: "Tunaomba afisa wa ujirani mwema, aje na ramani ya mpaka." Kwa halmashauri: afisa ardhi kama swali ni la mipaka, afisa wanyamapori kama ni tembo, afisa mifugo karibu kila mara. Kama huko kwenu si Rufiji, Tanzania ina mabonde tisa na kila moja lina bodi yake.

Onyo: kipindi cha uchaguzi usifanye. Hata ukiapa kwa misahafu yote, utaonekana umetumwa.

Hatua ya 4: Wazungumzaji wanne, dakika kumi kumi

Wanne, wala si sita. Kwa swali la banio mimi ningechukua afisa wa bonde, mkulima wa juu ya mto, mkulima au mfugaji wa chini, na mhifadhi. Hakikisha angalau mmoja ni mwanamke, na asiitwe "mwakilishi wa akina mama". Aitwe kwa kazi yake: ana jaruba, ana bustani ya vinyungu (vile vishamba vya bondeni kando ya mto), ni mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji.

Nenda nyumbani kwa kila mmoja wiki moja kabla. Mwombe mzee akusimulie mto ulivyokuwa alipokuwa kijana, halafu mwambie, "Babu, hiyo ya kuvuka kwa mtumbwi Septemba, anzia hapo." Atakuwa ameshajua kwamba kumbe hicho ndicho kinachotakiwa, na hataanza na historia ya ukoo.

Afisa naye anahitaji msaada, tena kuliko mzee. Atakuja na "mita za ujazo kwa sekunde" na watu wataitikia kwa kichwa bila kuelewa. Mpe tafsiri: mita moja ya ujazo ni ndoo hamsini za lita ishirini. Mto unaopitisha mita moja ya ujazo kwa sekunde unapitisha ndoo hamsini kila ukihesabu moja. Simamisha watoto, wahesabu moja, mbili, tatu, na uulize ni ndoo ngapi zimeshapita. Baada ya hapo mtu akisema banio fulani linachukua nusu ya mto, kila mmoja anaiona hiyo nusu.

Lugha: Kiswahili kinatosha kwa wengi, lakini tafuta mtu wa kutafsiri Kisukuma, Kimaasai au Kisangu kwa wazee. Mzee asiyesikia vizuri hatauliza, ataondoka.

Hatua ya 5: Kagua mambo matano yanayopotoshwa

Siku mbili kabla, kaa na mwongoza mjadala mpitie haya. Ndiyo yanayowasha moto.

*Mita 60.* Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazohatarisha chanzo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Ni kweli, ila usiitangaze wewe mwandaaji mbele ya watu wenye vinyungu mtoni. Aitaje afisa, na aseme hapo hapo ofisi yake inafanya nini na waliolima kabla.

*Kibali cha maji.* Kuwa na shamba si kuwa na maji. Kutumia maji ya mto kwa mfereji kunahitaji kibali chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009, na kibali kina kiasi. Wengi wanadhani stakabadhi ya ada ndiyo ruhusa ya kuchukua watakavyo.

*Kifuta jasho na kifuta machozi.* La kwanza ni la mazao yaliyoliwa au kuharibiwa na wanyama, la pili ni la mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Yote mawili hayaitwi fidia, wala hayafidii. Mwongoza mjadala akiteleza akasema "fidia ya tembo", saa nzima itakwenda kwenye neno hilo.

*Mpaka.* Mwaka 2008 hifadhi ya Ruaha ilipanuliwa ikaingiza sehemu kubwa ya Usangu, kwa Tangazo la Serikali Namba 28. Wilayani Mbarali hata mtoto wa shule anajua "GN 28" ni nini. Mpaka ukarekebishwa tena 2023. Kwa hiyo ukileta ramani ya zamani umeleta ugomvi. Uliza ramani ni ya tangazo lipi, na iandikwe juu yake kwa kalamu nene.

*Nani kakausha mto.* Kila mtu ana mtuhumiwa wake. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na mifugo yao, wakaelekea mikoa ya kusini na Pwani, na wapo waliopoteza ng'ombe njiani. Waliobaki wana ndugu kati ya hao. Mhifadhi akifungua kinywa na "mifugo ndiyo iliyoharibu", nusu ya mkutano imekufia mikononi. Mwambie mapema azungumzie maji mangapi yanaingia na mangapi yanatoka, awaache watu wafike wenyewe kwenye "nani".

Hatua ya 6: Panga mahali, na chora ramani ya majivu

Ondoa meza kuu. Najua itakugharimu maneno na mtendaji. Meza yenye kitambaa, maua ya plastiki na chupa za maji zilizopangwa inawaambia watu kazi yao ni kupiga makofi. Weka mabenchi nusu duara, wazee kwenye viti vyenye egemeo, akina mama mbele (wasisukumwe pembeni nyuma ya spika), na wazungumzaji wakae humo humo kwenye duara.

Katikati acha uwanja mtupu wa kama hatua kumi kwa kumi. Hapo ndipo majivu na pumba vinapofanya kazi. Dakika ishirini za mwanzo, kabla ya hotuba yoyote, omba vijana wachore bonde chini: mito kwa majivu, mabanio kwa mawe, majaruba kwa pumba za mpunga, hifadhi kwa matawi mabichi, njia za ng'ombe kwa fimbo. Usiwasaidie. Wakikosea, bibi mmoja atanyanyuka atawasahihisha, na mkutano utakuwa umeanza bila wewe kusema neno.

Nimejaribu ramani za kuchapwa, za rangi na za plastiki. Watu wanazisogelea, wanatafuta kijiji chao, wanarudi kukaa. Ya majivu wanabishana nayo. Mara moja mfereji ambao ofisi haikuwa nao kwenye orodha ulichorwa pale chini na kijana wa miaka kumi na minne, na mwenye mfereji alikuwa amekaa benchi la pili akitazama viatu vyake. Afisa hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Wiki mbili baadaye mwenye mfereji alikwenda mwenyewe kuomba kibali.

Kabla ya kufagia, piga picha ukiwa juu ya benchi.

Hatua ya 7: Ratiba isiyoliwa na itifaki

Itifaki itakula saa nzima ukiiachia. Mwongoza mjadala aseme "itifaki imezingatiwa" mara moja, amsalimu kila kiongozi kwa cheo kwenye sentensi moja, aanze. Ratiba ninayoitumia:

1. Saa 8:00 – dua na salamu, dakika 10
2. Ramani ya majivu, dakika 20
3. Wazungumzaji wanne, dakika 40
4. Watu wanne wanne wanajadili swali walipokaa, dakika 10
5. Maswali na majibu, dakika 60
6. Makubaliano yanaandikwa, dakika 20
7. Mgeni rasmi, dakika 10
8. Soda

Ndiyo, mgeni rasmi yuko mwisho. Akifungua ataondoka, na nusu ya watu watamfuata kwa sababu walikuja kumwona yeye. Akifunga amesikia, na hotuba aliyoandikiwa haitalingana na alichokisikia, kwa hiyo mara nyingi ataiweka chini azungumze kama mtu. Mweleze msaidizi wake kwa barua, si kwa simu.

Kuhusu posho, sema tangu siku ya kwanza, kwenye tangazo lenyewe: hakuna posho, kuna soda, na nauli kwa wanaotoka vijiji vya mbali. Tetesi ya posho ikishatembea huwezi kuikamata. Utajaza watu, kweli, na saa kumi na moja watakuzunguka wewe badala ya kuzunguka ramani.

Hatua ya 8: Maswali

Chukua swali moja, lijibiwe, ndipo uchukue jingine. Mtindo wa kukusanya maswali matano ndipo mtaalamu "ajibu kwa pamoja" unampa nafasi ya kuchagua mepesi. Maikrofoni ishikwe na msaidizi wako muda wote, asiikabidhi kwa mtu. Mtu akishaishika mwenyewe, kuirudisha ni mieleka.

Badilisha zamu: wa juu ya mto, wa chini ya mto, mwanamke, mwanamume, kijana. Yule wa kuhutubia atakuwepo, daima yupo. Mkatize kwa heshima: "Shikamoo mzee. Tumekusikia. Swali lako kwa afisa ni lipi?" Mara tisa kati ya kumi atacheka na kukaa.

Usimruhusu yeyote kuahidi kwa niaba ya ofisi isiyo yake. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba Ruaha utakuwa unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ilifika 2010, mto ukakatika kama kawaida. Kama ahadi ya ngazi ile haikuujaza mto, ya kwako ya kwenye kipaza sauti itasaidia nini? Afisa aseme "nitaleta jibu" na tarehe, inatosha.

Hatua ya 9: Andika nani, nini, lini

Kwenye bango kubwa, safu tatu. "Elimu iendelee kutolewa" haiingii, kwa sababu haina mwenyewe. Inayoingia inafanana na hii: katibu wa jumuiya ya watumia maji na wawakilishi wawili wa kila banio watapima milango ya mabanio Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi. Mistari mitatu inatosha, minne ikizidi sana. Isome kwa sauti, uliza nani anapinga, kisha ibandike ukutani ofisi ya kijiji.

Muhtasari wa kurasa mbili umfikie mtendaji na kila ofisi iliyokuja ndani ya siku saba. Orodha ya mahudhurio yenye namba za simu baki nayo wewe. Aliyemlalamikia mwenye mfereji mkubwa hadharani hahitaji namba yake izunguke.

Kama ni kongamano la ukumbini

Nitapita haraka. Mambo ni yale yale isipokuwa tatu. Slaidi zisizidi kumi kwa mzungumzaji, na zikusanywe jana yake kwenye kompyuta moja. Foleni ya fleshi ni ugonjwa. Lipa nauli na malazi ya wakulima na wafugaji wawili wawili waje, na wawekwe kipindi cha asubuhi, si kile cha baada ya chakula ambapo nusu ya ukumbi imelala. Na kipindi cha maswali kisikatwe ili kufidia waliochelewa kufungua. Akatwe aliyechelewa.

Yakikwama

*Afisa hakuja.* Soma barua yako kwa watu, swali kwa swali, endelea na ramani na wazungumzaji waliopo. Usijibu kwa niaba yake. Maswali yaliyobaki yaandikwe yapelekwe ofisini na watu wawili waliochaguliwa pale pale.

*Wamekuja watu kumi na wawili.* Zima spika, wasogeze, kaeni chini ya mti na ramani. Mkutano wangu mzuri kuliko yote ulikuwa na watu kumi na wanne.

*Mkulima na mfugaji wameshikana mashati.* Usihubiri amani. Toa soda sasa hivi, mapumziko ya dakika kumi, kisha mrudishe kila mmoja kwenye ramani aonyeshe kwa fimbo ng'ombe walipita wapi. Mtu anayeonyesha kwa mkono hupunguza kupiga kelele.

*Mwanasiasa ametokea na msafara.* Mkaribishe, mtambulishe kwa sentensi moja, mpe benchi. Akitaka kusema, zamu yake ni kwenye maswali kama wengine. Mwenyekiti wa kijiji ndiye wa kumwambia hivyo, wewe kaa kimya.

*Polisi wanasimamisha.* Toa nakala yenye muhuri. Wakisisitiza, tangaza kuahirishwa, watawanye watu kwa upole, kisha fuatilia kwa barua. Kubishana kwa kipaza sauti kutakufungia mlango wa mkutano ujao.

*Jenereta limezima.* Watu wasogee. Kwa watu mia moja sauti ya mwalimu wa shule ya msingi inatosha, mtafute.

*Mvua.* Darasa la shule, ulilokuwa umeshaliomba kwa mwalimu mkuu kwenye wiki ya kwanza. Majivu yachore kwenye sakafu, mtafagia.

*Mwezi umepita, bango lipo ukutani na hakuna kilichofanyika.* Usiitishe mkutano mwingine wa kulaumu. Subiri mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, fika mapema, na mwombe mtendaji bango liingie kwenye yatokanayo na kikao kilichopita. Lisomwe mstari kwa mstari, na kila aliyeandikwa jina asimame aseme amefikia wapi.